Majina Saba, Mabeleshi Mawili

Nyamugo, nyumba zimeshikana mabega mlimani
kama watu wanaoogopa kuanguka,
na mfereji unapita katikati yao
umejaa chupa, maganda ya ndizi, soksi moja ya mtoto.
Mvua ya Septemba ilikuwa imeshatuma salamu.

Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane.
Juu nikaandika: Vijana wa kujitolea,
miaka kumi na tatu hadi kumi na tisa.
Nikapiga mistari kwa rula. Nikaacha nafasi ishirini.

Jumamosi ya kwanza walikuja watatu.
Mugisho aliuliza akiwa bado mlangoni:
"Fulana ni za rangi gani?"
Nikasema hakuna fulana.
"Na peridiemu?"
Hakuna.
"Mzungu atafika saa ngapi?"
Nikasema, Mugisho, ni mimi tu,
na chai kwenye termosi, na sukari ya kukopa.
Akatazama termosi. Akatazama njia.
Akakaa.

Simlaumu. Bukavu hii wema umezoea kuja
na gari jeupe na karatasi ya kusaini,
unapigwa picha, kisha gari linageuza.

Shefu wa avenyu alitaka barua.
Nikaandika barua. Akataka muhuri.
Akataka kujua ni chama gani kimenituma.
"Mfereji ndio umenituma," nikamjibu,
jibu nililolifurahia njia nzima hadi nyumbani
mpaka nikakumbuka kwamba hajaniruhusu.

Usiku akaja mama yake Ntakwinja, kitenge begani, hakukaa.
"Huyu ndiye mtoto wangu wa maji.
Ukimchukua Jumamosi, nani atapanda na bidoni?"
Hilo sikuwa na jibu lake.
Lilinikesha. Alfajiri nikaikata kazi ya kwanza daftarini
nikaandika nyingine juu yake:
Maji ya mama Ntakwinja. Wote. Saa kumi na mbili.

Tulipanda ngazi za udongo na bidoni sita,
Cirhuza akihesabu vidato kwa Kifaransa cha shule,
akipotea njiani, akianza upya.
Saa moja na nusu pipa lilikuwa limefurika,
na Ntakwinja, mikono mitupu siku ya Jumamosi,
hakujua aiweke wapi.
Akaiweka kwenye beleshi.

Mabeleshi yalikuwa mawili, sisi tukiwa wanane pamoja nami.
Wengine walichimba kwa sahani kuukuu, kwa ubao, kwa vidole.
Watu walitoka vizingitini kutazama.
"Wamelipwa hao," mmoja alisema.
"Hawajalipwa, ndiyo maana wanacheka," akajibu mwingine,
na sijui hadi leo kama alitusifu.
Kisha dirisha likafunguka juu yetu
na beseni zima la maganda ya mihogo
likashuka pale pale tulipomaliza.
Mugisho alitukana kwa lugha tatu.
Akainama. Akayazoa.

Mvua ilipiga usiku wa Jumanne.
Nililala macho wazi, sikio mfereji:
kwanza maji yalikohoa,
yakasitasita pale kwenye kona ya kinu,
halafu yakaanza kutembea, yakakimbia,
nikasikia yakipita mlango wangu bila kubisha.

Sitaki kudanganya. Asubuhi jiko la baba Buhendwa
lilikuwa limelala matopeni, ukuta na masufuria,
na hakuna beleshi lingelisimamisha.
Tulimkuta akitafuta kifuniko.
Hatukuwa tumepanga kwenda. Cirhuza alipita akielekea shule,
akaweka begi juu ya jiwe, na wengine wakamwona.

Jumamosi iliyofuata Mugisho alimleta mdogo wake,
meno ya mbele hayajakamilika,
viatu vya mtu mwingine miguuni.
"Ana miaka kumi na tatu," Mugisho alisema
akitazama dari.
Mtoto naye akatazama dari.

Nikamwuliza jina, nikaliandika polepole,
mstari wa nane,
na pale kwenye umri
nikamimina chai.