Mkono Kushoto, Ncha Kulia

Wete, saa tano usiku. Zamu imekwisha,
Mwanakhamis hajaenda kulala.
Boksi la viatu, matundu mawili, simu ndiyo jicho;
ndani, karafuu za kuhamisha moja moja hadi kisahanini.

Anasukuma kushoto, ncha yaenda kulia.
Imeponyoka. Ya tisa hiyo.
"Usishindane na koleo," husema Daktari Faki, "lizoee."
Rahisi kusema.

Kojani, mama hushona kofia za vitobo,
kila kitobo akikizungushia uzi,
na akikosea hufumua, kofia ya mwezi mzima,
wala hanuni.

Nyongo ya Bi Saumu, kesho saa mbili,
haifumuliwi.

Ya kumi imekaa.
Anazirudisha zote, anafuta jasho,
anabadilisha mkono.