Ndoo ya Zawadi

Saa kumi alfajiri, Goba.
Sikudhani anamulika banda kwa tochi ya simu:
ng'ombe watatu, hatua kumi na nane,
ukuta wa jirani ndio mwisho wa malisho.

Anaandika.
Pumba, kilo nne. Mashudu, mbili.
Majani, gunia moja la Hamduni,
kayakata bondeni na umande wake,
nusu ya uzito nimenunua maji.
Shangwe, lita kumi na moja. Kibibi, tisa.
Zawadi, mbili na kikombe.

Mwezi wa tatu huu Zawadi anakula deni.
Daftari halina haya, limeshatamka:
Jumamosi, mnadani Pugu.

Ng'ombe hukamuliwa mdomoni,
bwana mifugo huimba kila akija,
na mdomo wa Zawadi, akiugusa,
mkavu kama gunzi.

Anainua ndoo yake.
Chini kuna ufa, mwembamba, unywele tu.
Usiku ikijazwa, asubuhi sakafu imekunywa.

Miezi mitatu! Na mimi napima pumba.

Anaifuta Jumamosi kwa kidole chenye maziwa.
Wino unatapakaa
mpaka kwenye jina lake mwenyewe.