Doa

Chumba kimepakwa rangi nyeusi, kuta hadi dari.
Hata koti la Mjomba Threlfall ni jeusi, na kola ameikunjia ndani
weupe wake usije ukatoa ushahidi wa uongo.
Nje ni saa kumi jioni, Bradford, Desemba,
na viwanda vya sufi vinanguruma mpaka miguuni mwetu.

Mimi nashika saa. Keziah, miaka kumi na mitatu,
nimekatazwa kupiga chafya.

Upande huu mishumaa miwili ya mafuta ya nyangumi.
Tumeipima kabla ya kuiwasha, tutaipima tena ikizimwa,
tujue imejila kiasi gani.
Upande ule ulimi wa gesi ndani ya kioo,
umetulia kama mtoto wa tajiri kanisani.
Katikati, karatasi yenye doa la mafuta.
Mjomba anaisogeza juu ya reli yenye namba, unywele kwa unywele:
doa linaonekana,
doa linafifia,
doa
halipo.
Nuru zimelingana, na karatasi haijui tena
impendelee nani.
"Kumi na nne na robo," anasema. Naandika.
Sheria yataka mishumaa kumi na minne.
Kampuni imepona kwa robo.

Sasa usafi. Kipande kingine cha karatasi,
kimeloweshwa maji ya risasi,
kinaning'inia chupani, gesi ipite ikikinusa.
Kikibaki cheupe, twende zetu nyumbani.
Tunangoja.
Kinakuwa rangi ya meno ya mzee,
kisha ya chai,
kisha Mjomba anageuza uso.

Jana Bwana Ackroyd wa kampuni alituletea bata bukini,
amenyonyolewa tayari, kafungwa utepe shingoni.
Tulimla. Mifupa ingali sufuriani.

Shangazi Dorcas hajawahi kuingia humu.
Lakini kangaga lake la sebuleni limekauka tangu Septemba,
na kila tukiwasha taa husema, "Hiyo inanuka yai,"
akafungua dirisha, baridi ikaingia, tukamnung'unikia.

"Andika," anasema Mjomba.
Hasemi niandike nini.
Kalamu inadondosha wino daftarini, doa jingine,
na hili hata ukilisogeza wapi
halipotei.

Anakohoa. Anaikunjua kola yake,
weupe unarudi chumbani.
"Andika ulichokiona."

Nikaandika: nyeusi.

Bata alikuwa mtamu, lakini.