Mizani ya Mwaloni

Miaka kumi na tisa napima dagaa wa watu.
Gunia likining'inia, jicho langu kwenye mshale,
mteja akinung'unika pembeni:
Mama Nkwimba, mizani yako imelala.
Hailali, namjibu. Chuma hakina undugu.

Kisha Februari, zahanati ya Kirumba,
Sista Limi akanipandisha mimi.
Mshale ukaenda, ukaenda, ukapita pale
ninapowaambia wachukuzi: shusheni, gaweni mara mbili.
Kilo mia na nne.
Akanivisha kile kitambaa cha presha,
akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

Hakunitisha. Alichana karatasi ya daftari,
akaandika kwa biki nyekundu:
kimbia dakika moja, tembea mbili,
mara nane, siku tatu kwa wiki.
Basi? Basi.
Nikacheka. Dakika moja ni nini?
Dakika moja sijamaliza hata kumsalimia anayenidai.

Raba nilizipata Mlango Mmoja, elfu kumi na mbili;
ya kushoto kisigino kimeliwa upande
na mtu wa nchi nisiyoijua, aliyekimbia kabla yangu.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
suruali ya michezo ya mwanangu, kitenge juu yake,
kutoka Mwaloni kuelekea Pasiansi.

Sekunde ya arobaini ndipo nikaijua dakika.
Ina mgongo mrefu, ina kona.
Mapafu yalifunguka kama mlango wenye kutu,
matiti, tumbo, mashavu, kila kiungo na safari yake,
na korongo mmoja juu ya paa la mabati
akanitazama kama mzee wa baraza, asitoe neno.

Watu wakatoka na miswaki mdomoni:
Kuna nini? Nani amefariki?
Maana mama wa miaka arobaini na nane
hakimbii alfajiri ila kwa msiba au moto.
Fundi Luhende, kutoka kibarazani kwake:
Mbio za sakafuni, mama, huishia ukingoni!
Kweli. Zangu huishia ukingo wa ziwa,
nanawa uso kwa maji yanayonuka samaki,
halafu nageuka.

Wiki ya pili. Ya tatu. Ya nne nikairudia mara tatu
kama mtoto aliyekariri darasa,
sababu ya tano ilinilaza chini ya nguzo ya umeme
nikitapika chai ya rangi.
Ugali nimeupunguza tonge nne.
Soda nimeacha, isipokuwa harusi ya Shija,
na ile siku umeme ulipokatika
nikamhurumia muuza duka.

Ikafika Juni, sketi zikaanza kunikimbia mimi.
Hapo sokoni pakawa na minong'ono:
Nkwimba anapungua. Mmemwona shingo?
Kabula wa meza ya pili akanivuta kando, kwa upole,
Dada, umepima?
Nimepima, nikamwambia. Nashinda nikipima,
kazi yangu unadhani ni nini?
Alichelewa kucheka. Lakini Jumanne iliyofuata
nilimkuta barabarani na ndala zake,
amefunga kanga kifuani, anatetemeka kwa baridi:
Dakika moja tu, eti?

Goti la kulia bado linalia kwenye mteremko.
Presha imeshuka, haijafika.
Vidonge ninameza nusu ya vile vya mwanzo,
na ngazi za nyumbani, zile zilizochongwa mwambani,
sasa napanda na ndoo bila kukaa katikati.

Jana jioni, soko limefungwa,
maganda na magamba yanasubiri ufagio,
nilidandia ndoano ya mizani kwa mikono miwili,
nikakunja miguu, macho nimefumba,
nikamwambia Malimi mchukuzi anisomee.
Tisini na moja, akasema.

Imelala hiyo, nikamwambia.
Hebu soma tena.