Ampea Kumi na Moja

Imants aliniita saa nne usiku, mwezi Machi,
theluji ikidondoka tone kwa tone
kutoka ukingo wa paa la kinu cha babu yake.
"Mirdza, njoo na tochi. Na daftari lako pia."
Nikavaa buti zake kuukuu, zile zenye tope la mwaka juzi.

Bandani: mota aliyoing'oa kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe,
mkanda wa ngozi, gurudumu linalosukumwa na kijito,
na kapasita tisa juu ya ubao wangu wa kukatia mkate,
nne za mashine za kufulia, tano za taa za barabarani
za shamba la ushirika lililokwisha kufa.
Aliziunga moja moja, akipangusa vidole kwenye suruali.

Mara ya kwanza, kimya.
Gurudumu linazunguka, mshale wa volti umelala.
"Chuma kimesahau," alisema.
Akaleta betri ya trekta, akagusisha waya mara moja tu, cheche,
kama mama anavyomfinya mtoto anayesinzia kanisani,
na mota ikaanza kuguna.
Mia. Mia na sitini. Mia mbili na thelathini.

"Soma ampea."
"Kumi na moja."
"Soma wati."
Nikapangusa kioo kwa kiwiko.
"Arobaini. Labda thelathini na tano."
Akazidisha kichwani, akarusha kofia juu:
"Elfu mbili na mia tano, Mirdza! Na kijito hakina habari!"

Mimi nilikuwa karani wa maziwa miaka ishirini na sita.
Najua lita iliyoingia na lita iliyotoka.
Naijua pia ndoo iliyopita mlangoni mara mbili
ikaandikwa mara mbili.
Sikusema neno. Nilikwenda kuleta birika la umeme.

Nilipolichomeka, mota ilishusha pumzi.
Mshale ukaanguka chali. Gurudumu, limetuliwa mzigo,
likaenda mbio kama ndama aliyekata kamba.
Nilitia kidole majini: baridi ya kisima, vilevile.

Akakaa juu ya kreti.
Nikamchorea mshale wa kwenda, mshale wa kurudi:
kinachotoka kwenye koili kinalala kwenye kapasita,
kinachotoka kwenye kapasita kinarudi kwenye koili,
mara hamsini kila sekunde.
"Fedha iliyokopwa asubuhi ikarudishwa jioni
haiitwi mshahara, Imants."

Alikitazama kile kikurasa muda mrefu.
"Nilitafuta cha bure," alisema,
"nikapata bure."

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuzing'oa zile kapasita,
maana nilitaka ubao wangu,
akanishika. "Bila hizo haiamki kabisa."
Akaigusisha betri tena, akafunga taa moja, ndogo, ya wati sitini.
Ikawaka. Ikakaa.

Gatis wetu yuko Ayalandi, anachuma uyoga kwenye mabanda ya watu.
Kila Krismasi huja na sanduku la chokoleti.
Hapasui kuni. Paa hagusi. Hula, hulala, huondoka tarehe tatu,
na mimi nilikuwa nimemwandika sifuri,
kwa penseli, mahali ambapo mtu haoni.
Ila wiki ile Imants hunyoa ndevu.
Wiki ile tanuri la sebuleni huwashwa,
na mimi hujisikia nikipiga mluzi nikimenya viazi.

Nikafungua daftari, nikapiga mstari wa safu ya tatu
kando ya Mapato na Matumizi.
"Hiyo inaitwaje?" aliuliza.
"Sijui. Niletee penseli yenye ncha."

Kisha akasema ana kiu ya chai.
Nikaichemsha jikoni, kwa kuni,
taa ya kinu ikionekana dirishani,
ikitetemeka kidogo kila mkanda ulipoteleza.