Zamu ya Idi Pili

Mpango niliuandika nyuma ya risiti ya luku,
kwa kalamu ya kazini, ile isiyofutika kwa jasho:
Saa mbili na nusu, langoni, kabla chuma hakijashika moto.
Gurudumu kwanza. Farasi wa kuzunguka baadaye.
Saa tano, kivulini. Saa sita, nyumbani, pilau iliyobaki.
Saa kumi na moja, kurudi, jua likiwa limelegea.

Msinicheke. Miaka kumi na sita nimesimama mbele ya tanuri la saruji.
Joto nalijua kama mtu anavyomjua shemeji mkorofi:
hushindani naye, unampisha,
unakunywa maji kabla ya kiu, unakaa kabla ya kuchoka.
Na watu nao ni joto. Wakishajaa, hawapoi upesi.

Lakini Idi haina king'ora cha kiwandani.
Mwajabu alitafuta kiatu cha kushoto mpaka saa tatu.
Mbaruku alisema hatoki bila miwani yake ya plastiki.
Sauda akaniambia, "Tulia, gurudumu halina miguu."
Tukatoka Barabara ya Kumi na Tatu saa nne kasoro,
na jua lilikwisha kututangulia uwanjani.

Tangamano! Foleni imejikunja kama utumbo wa mbuzi,
kanzu mpya, hina mbichi, mafuta ya nazi yanachuruzika vichogoni,
na muuza ukwaju wa barafu anapandisha bei
kila kivuli kinapofupika.
Nikapiga hesabu: watu mia mbili mbele, viti kumi,
watatu kila kiti, raundi dakika sita,
na ubishi wa chenji kati ya raundi na raundi.
Nikasema, turudi. Tutakuja jioni.
Mwajabu hakulia. Aliniangalia tu,
pesa yake ya sikukuu imeloa kiganjani.

Basi tukasimama.
Niliwaweka kwenye kivuli changu kama vifaranga,
nikigeuka kila jua lilipogeuka,
huyu kulia, yule kushoto, maji funda moja moja.

Zamu yetu ikafika saa sita kamili,
saa ambayo karatasi yangu ilisema: pilau.
Sauda akabaki chini na mikoba.
Tukakaa, chuma kikatuuma mapaja, tukapanda,
na tulipofika juu kabisa, umeme ukakatika.

Chini, "Aaaah!" Kisha kicheko.
Muziki ulikatikia katikati ya neno.
Nikapima maji: nusu chupa.
Nikavua kofia nikamvika Mbaruku,
nikajiandaa kama ninavyojiandaa mlango wa tanuri ukifunguliwa.

Mwajabu akasema, "Baba, huku kuna upepo."

Kulikuwa na upepo.
Unatoka Raskazone, unapita juu ya mabati ya Ngamiani,
unatufikia haujaguswa na mtu.
Nililiona paa la nyumba yetu,
na ndoo niliyoitafuta tangu Shaabani
ipo pale, imelala kifudifudi kando ya tangi.
Niliwaona wote niliowaogopa,
wadogo kama mchele uliomwagika,
mtu hajui aanzie wapi kuokota.
Mbaruku alisinzia ubavuni mwangu na miwani yake.
Dakika ishirini na saba. Hakuna aliyetusukuma.
Sikumbuki lini nilikaa muda wote huo
mikono yangu haina kazi.

Umeme uliporudi uwanja mzima uliitikia, "Umerudiii!"
Tukashuka. Mwenye gurudumu akaomba radhi,
akatupa tiketi tatu za bure,
za leo tu, mwisho saa mbili usiku.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu,
saa niliyoipigia mstari mara mbili.
Jua limelegea. Foleni, nadhani, fupi.
Sauda amelala. Mwajabu amelala na kiatu kimoja.
Mbaruku yuko sakafuni, palipo na ubaridi, anakoroma.
Muziki wa Tangamano unaingia dirishani vipande vipande,
na tiketi zipo mezani, pembeni ya sahani ya pilau
ambayo ndiyo kwanza naila, imepoa, taratibu.

Kesho nitapanda kuichukua ile ndoo.