Vijembe

Bwana Tickell huchonga kinyumenyume:
kushoto kwake ndiko kulia kwa dunia,
na neno KODI hulianza kwa I, akalimalizia kwa K.
Kijembe chake chembamba kama ulimi wa jirani.
Safari hii amemchonga waziri, fundi wa nguo,
kaketi juu ya Uingereza, miguu inaning'inia majini,
anaishona Atlantiki pindo kwa pindo
ili Boston isikimbie;
na uzi anauchomoa tumboni mwa mlipa kodi
ambaye bado yu hai, anapiga chafya.

Mimi Keziah, napaka rangi.
Tuko wanne mezani, kila mtu na yake:
Hetty buluu, yule Mfaransa kiziwi manjano,
mtoto wa Tickell kijani cha bahari,
ambacho kila mara humwagikia Ayalandi.
Mimi nyekundu.
Makoti ya askari, mashavu ya mabwana, ulimi wa simba.
Peni tatu kwa dazeni,
na kucha hazitakati hata Jumapili.

Jumamosi dirisha letu lilijaa watu:
wauza makaa, makarani,
padri aliyejifanya anatazama saa,
mwizi wa leso akifanya kazi yake taratibu nyuma ya kicheko.
Asiyejua kusoma alisomewa;
aliyejua akaongeza chumvi.
"Huyu harudi bungeni," Tickell akasema. "Aibu itamla."

Jumatatu akaja mtumishi wa waziri,
soksi nyeupe, tope hata chembe.
Tulidhani katumwa kuvunja kioo.
Akanunua ishirini na nne. Za rangi.
Bwana wake, alisema, amecheka mpaka wigi likamdondoka;
atawagawia wageni baada ya chakula.
Ila anaomba, kama si usumbufu,
pua ipunguzwe wekundu.

Tickell alihesabu fedha mara mbili, kimya.
Ni mimi niliyeosha brashi
na kuipunguza ile pua,
mara ishirini na nne.

Wiki hiyo meli zilipakia askari.
Makoti yao sikuyapaka mimi.

Shaba ni ghali. Bamba tumelikwangua,
tukalisugua kwa mkaa na mafuta,
na juu yake amekaa waziri mwingine
anayemfundisha kuku wa Boston kutaga stempu.
Lakini chukua nakala za mwanzo, ziinue kwenye mwanga:
chini ya shavu jipya
utaiona pua ya yule wa zamani,
hafifu, haina rangi,
inanusa.